SSD Mpya, Kompyuta Imegoma: Kutafuta Chanzo Dalili kwa Dalili

Kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka, ni kazi ya saa moja hivi kwa laptopu nyingi za mtumba, zile ambazo wauzaji wa jijini Nairobi huziita "ex-UK". Malalamiko yanayofuata kazi hiyo hufanana mno: diski haionekani, kompyuta inadai haina pa kuanzia, nakala ya diski ya zamani imekwama nusu, au kila kitu kinafanya kazi lakini kasi ni ile ile ya jana. Mteja hurudi Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki jijini, akisema ameuziwa diski mbovu, ilhali mara nyingi diski ni nzima na tatizo liko kwenye aina ya tundu, mpangilio wa BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows) au jinsi nakala ilivyofanywa. Kwa hiyo hapa chini kila dalili inaanza na sababu ya kawaida, na diski mbovu inashukiwa mwisho.

Kabla ya kufungua skrubu

Diski ya zamani ndiyo bima yako. Usiifute, usiiuze wala usimwachie mtu hadi kompyuta ifanye kazi vizuri kwa wiki kadhaa ikiwa na diski mpya. Faili ambazo huwezi kuzipata tena, kama vile picha, stakabadhi za ushuru na kazi za shule, zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje.

Laptopu nyingi zenye Windows 11 husimba diski kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data kwa ufunguo, bila mwenyewe kukumbuka kwamba aliwahi kukubali jambo hilo. Tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, kisha usitishe BitLocker kabla ya kunakili. Zima kompyuta ukiwa umeshikilia kitufe cha Shift ili izimike kabisa, chomoa chaja, na baada ya kufungua kifuniko chomoa kebo ya betri ikiwa inafikika. Gusa kitu cha chuma ili umeme tuli ulio mwilini utoke.

Ukifungua na kukuta betri imevimba, au kifuniko chenyewe kimeinuka kwa sababu yake, acha kazi papo hapo. Usiibonyeze wala usiichokonoe kwa bisibisi. Hilo si suala la SSD tena. Mpelekee fundi betri ibadilishwe kwanza.

Diski haionekani hata kwenye BIOS

Ingia kwenye BIOS mara tu kompyuta inapowaka: F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikiwa diski haimo kwenye orodha, usihangaike na Windows kwanza, kwani Windows haiwezi kuona kile ambacho BIOS haikioni.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba diski haijakaa sawasawa. SSD ya M.2, ile nyembamba inayofanana na kijiti cha RAM, huingizwa ikiwa imeinama kwa takriban nyuzi 30, na ukiiachilia hujiinua yenyewe. Ndipo unapoilaza na kuifunga kwa skrubu ndogo. Kipimo cha macho ni miguu yake ya dhahabu: ikizama karibu yote, imeingia, ukiona ukanda mpana wa dhahabu nje ya tundu, haijaingia hata kama skrubu imefunga. Laptopu nyingi za mtumba hufika bila hiyo skrubu, na wengine huishikilia diski kwa utepe wa gundi. Inafanya kazi kwa siku chache, halafu joto linalegeza gundi, diski inainuka, na mwenye kompyuta anaanza kulalamika kuhusu diski "inayokuja na kupotea". Skrubu yenyewe ni jambo la kuuliza tu kwa fundi wa simu au wa laptopu.

Kwa SSD ya inchi 2.5, chunguza utepe unaoiunganisha na ubao mama. Upande wa ubao mama utepe huo mara nyingi hushikwa na kipande chembamba cha plastiki kinachoinuliwa kwanza ndipo utepe uchomolewe. Ukiuvuta bila kukiinua, hulegea au huchanika. Pia SSD nyingi zina unene wa milimita 7, ilhali baadhi ya laptopu za zamani zilitengenezewa diski ya milimita 9.5, kwa hiyo SSD inachezacheza ndani ya nafasi yake na kuachia kiunganishi. Fremu ndogo ya plastiki ya kujazia pengo hilo inatosha.

Sababu ya pili ni kununua aina isiyofaa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo kuna diski zinazozungumza SATA na zinazozungumza NVMe, njia mbili tofauti za kuwasiliana na kompyuta, na tundu linalokubali SATA pekee halitaiona NVMe hata ukiichomeka na kuichomoa mchana kutwa. Geuza diski uitazame: yenye pengo moja kwenye miguu ya dhahabu kwa kawaida ni NVMe, na yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, ingawa zipo NVMe chache zenye mapengo mawili, kwa hiyo maandishi ya lebo ndiyo ya kuaminiwa. Nambari kama 2280 au 2242 zinaeleza vipimo: milimita 22 za upana, na milimita 80 au 42 za urefu. Baadhi ya laptopu zina tundu fupi lililokusudiwa modemu ya laini ya simu, na muuzaji mwenye haraka atakuambia kwamba linafaa SSD. Katika baadhi ya modeli linafaa, katika nyingine halifai kamwe. Usinunue kwa kukisia: andika modeli kamili iliyo chini ya laptopu, soma maelezo ya mtengenezaji, na ikiwezekana nenda dukani na laptopu yenyewe ijaribiwe kabla ya kulipa.

Sababu ya tatu ni kitu kilichokosekana. Laptopu iliyotoka kiwandani na M.2 pekee huweza kuwa na nafasi ya diski ya inchi 2.5 bila kebo yake wala fremu, navyo hununuliwa kando. Kwa kompyuta za mezani, hasa zinazotumika katika saiba, baadhi ya ubao mama huzima mlango mmoja au miwili ya SATA pindi tundu la M.2 linapotumika, diski iliyotoweka basi huwa si mpya bali ni ya zamani, na kuihamishia mlango mwingine kunatosha.

BIOS ya zamani ni sababu ya nadra zaidi. Kuisasisha kunaweza kusaidia, lakini stima ikipotea katikati ya kusasisha, ubao mama unaweza kufa. Kwa laptopu, betri iwe imejaa na chaja iwe imechomekwa. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, nashauri usiiguse kazi hiyo kabisa.

Ikiwa yote hayo yamefanywa, ijaribu diski kwenye kompyuta nyingine au kwenye kasha la USB, ukikumbuka kwamba kasha la SATA halisomi NVMe. Ikikataa huko pia, irudishe dukani na risiti. Simama na umtafute fundi ikiwa tundu limevunjika, kuna harufu ya kuungua, au diski inachoma vidole sekunde chache tu baada ya kuwasha. Na kuna mashine zisizo na la kufanywa: laptopu ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya eMMC iliyochomelewa, zikikosa tundu la ziada, na matoleo ya MacBook Air na MacBook Pro ya kuanzia 2018, ambayo hifadhi yake imechomelewa kwenye ubao mama.

BIOS inaiona, Windows haiioni

Diski mpya isiyo na kitu haina herufi, kwa hiyo haitokei mahali unapofungulia faili zako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, na utaulizwa iandaliwe kwa mtindo gani. Chagua GPT, mtindo mpya wa kupanga diski, kwa kompyuta yoyote inayotumia UEFI, yaani BIOS ya kisasa. Kisha tengeneza sehemu mpya na uipe herufi. Hakikisha kwa ukubwa wake kwamba unaishughulikia diski mpya. Ikiwa ni diski ya zamani yenye faili zako ndiyo inayoombwa kufomatiwa, jibu ni hapana, kwa sababu ombi hilo lina maana kwamba mpangilio wake umeharibika, na kufomati kutazidisha kazi ya kuokoa faili.

Ikiwa ni kisakinishi cha Windows ndicho kinachosema hakuna diski, na laptopu ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 au cha baadaye, mshuku VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia diski za NVMe. Kuna njia mbili: pakua draiva ya Intel RST kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu, iweke kwenye flashi na uipakie wakati kisakinishi kinapouliza diski, au zima VMD kwenye BIOS. Njia ya pili ni nyepesi ikiwa unasakinisha upya. Lakini kwa kompyuta ambayo tayari ina Windows, kugeuza VMD au kuhama kutoka RAID hadi AHCI, hali mbili za BIOS za kusimamia diski, bila maandalizi huleta skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Ukikumbwa na hilo, rudisha mpangilio ulivyokuwa, Windows itawaka. Kisha fungua msconfig, chagua kuwaka kwa hali salama, badilisha mpangilio wa BIOS, iache iwake mara moja katika hali hiyo, na uondoe chaguo la hali salama. Iwapo umesimamisha BitLocker, hakikisha ufunguo uko karibu hata hivyo.

Wanaong'ang'ania Windows 7 wajue kwamba haina draiva ya NVMe ndani yake.

Nakala imekamilika, lakini kompyuta haiwaki

Hapa ujumbe hutofautiana kwa kampuni. HP huonyesha msimbo 3F0, Dell husema haikupata kifaa cha kuanzia. Maana ni moja: kompyuta haioni mahali pa kuanzia mfumo.

Anza na jepesi. Je, diski zote mbili zimechomekwa? Diski iliyonakiliwa hubeba utambulisho ule ule wa diski mama, na Windows ikizikuta pamoja inaweza kuizima mojawapo au kuwaka kutoka ile ya zamani huku wewe ukidhani unatumia mpya. Chomoa ya zamani, washa kwa SSD peke yake, kisha kwenye BIOS hakikisha SSD, au jina la Windows Boot Manager, liko juu ya orodha ya kuanzia.

Ikikataa, linganisha hali ya BIOS na mtindo wa diski. Diski ya GPT huwaka kwa UEFI, na diski ya MBR, mtindo wa zamani wa kupanga diski, huwaka kwa hali ya zamani iitwayo Legacy au CSM. Laptopu ambayo Windows yake iliwekwa katika hali ya Legacy ikinakiliwa kwenda NVMe ndiyo huwashinda wengi, kwa sababu kompyuta nyingi huwasha NVMe kwa UEFI pekee. Rudisha diski ya zamani, washa Windows, na uigeuze kwa zana iliyomo ndani ya Windows 10 tangu toleo 1703: andika kwanza mbr2gpt /validate /allowFullOS, na likipita bila kosa ndipo utumie /convert badala ya /validate, kisha weka BIOS kwenye UEFI na unakili upya. Diski isiwe na sehemu kuu zaidi ya tatu. Kwa kuwa kazi hii inaigusa diski ya zamani, ile niliyoiita bima, usiifanye kabla faili hazijakaa mahali pengine.

Sababu ya tatu ni kunakili sehemu ya C peke yake na kuiacha ile sehemu ndogo ya EFI yenye kianzishi. Ni rahisi zaidi kunakili upya diski nzima kuliko kutengeneza sehemu hiyo kwa mkono. Kama sehemu ya EFI ipo ila kianzishi kimeharibika, washa kwa flashi ya Windows, fungua dirisha la amri, ipe sehemu ya EFI herufi S kwa diskpart, na uandike bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, ukihakikisha kwanza kwamba herufi C ni ya Windows kweli, maana katika mazingira hayo herufi hubadilika.

Binafsi, kwa laptopu ya mtumba ambayo imepita mikononi mwa watu, naona kunakili ni kujitafutia kazi. Sakinisha Windows upya kwa flashi, kisha urudishe faili zako. Leseni ya kidijitali imefungamana na ubao mama, si diski, kwa hiyo kompyuta iliyokuwa na Windows halali hujitambua yenyewe inapounganishwa na intaneti ilimradi toleo ni lile lile. Anayekutaka ununue ufunguo mpya kwa sababu umebadilisha diski tu, mwulize sababu. Na kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, huu ndio wakati mwafaka wa kuamua kuhusu toleo.

Nakala inakwama katikati

Chanzo kikubwa ni diski ya zamani yenyewe, ambayo huenda ndiyo iliyokusukuma kununua SSD. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, utazame mistari ya 05, C5 na C6. Thamani ghafi zikiwa zaidi ya sifuri, kuna maeneo yaliyokufa au yanayokufa, na programu ya kunakili inajikwaa hapo. Usianze kuitengeneza diski kwa chkdsk kabla ya kutoa faili. Chkdsk huilazimisha diski dhaifu kufanya kazi nzito na inaweza kuimaliza. Nakili faili muhimu kwanza, halafu sakinisha Windows upya kwenye SSD.

Diski ikitoa mlio wa tik-tik unaojirudia, au ikizunguka na kusimama, chomoa umeme hapo hapo. Kila dakika ya kuiwasha inaweza kuwa inakwaruza sahani zilizobeba data yako. Hiyo ni kazi ya maabara ya kuokoa data, si ya fundi wa kawaida, na mtu anayetaka kuifungua mezani kwake ili "aone ndani" asipewe.

Kama diski ni nzima, kagua kebo ya USB na uihamishie mlango mwingine, ikiwezekana usipitie kigawanyio cha USB. Ukubwa nao huzuia: diski ya GB 500 yenye GB 300 za faili haiingii kwenye SSD ya GB 256 hata ikipunguzwa vipi.

Inafanya kazi, lakini kasi ni ile ile

Subiri kwanza. Saa za mwanzo Windows hupakua masasisho na kuorodhesha faili, na kompyuta yoyote huonekana nzito. Baada ya hapo fungua Task Manager utazame RAM. Laptopu ya GB 4 za RAM ikifunguliwa kivinjari chenye kurasa nyingi hujaa, na hapo SSD inatumika kubeba mzigo usio wake. Katika hali hiyo fedha iliyobaki iende kwenye RAM.

RAM ikitosha, pima kasi ya diski kwa programu ya CrystalDiskMark. SSD ya SATA III husoma karibu MB 550 kwa sekunde. Ukipata takriban MB 270, imeunganishwa kwenye mlango wa SATA II, jambo la kawaida kwa laptopu za zamani na kwa SSD iliyowekwa badala ya DVD. Ihamishie nafasi kuu. Ukipata kama MB 40, unapima kupitia USB 2.0. Hata hivyo, SATA II haipaswi kukukosesha usingizi: wepesi unaousikia wakati wa kuwasha kompyuta unatokana zaidi na jinsi SSD inavyofikia faili ndogo ndogo kwa haraka kuliko na MB kwa sekunde zilizoandikwa kwenye boksi.

Dalili nyingine ni kunakili faili kubwa kunakoanza kwa mbio na kuporomoka baada ya GB kadhaa. SSD za bei nafuu hutumia sehemu ndogo ya kasi kupokea data, na ikijaa, kasi halisi hujitokeza, wakati mwingine chini ya diski ya kuzunguka. Huo si ubovu. Acha asilimia 10 hadi 20 ya nafasi wazi, na uhakikishe TRIM, njia ambayo Windows huijulisha SSD kuhusu nafasi za faili zilizofutwa, inafanya kazi kwa amri fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu la 0 lina maana kwamba imewashwa.

Inaganda, au inapotea na kurudi

Kwa SATA, shuku kebo kabla ya diski. Katika CrystalDiskInfo, mstari wa C7 huhesabu makosa ya mawasiliano. Ukiongezeka siku hadi siku huku mistari mingine ikiwa safi, kebo ndiyo yenye hitilafu. Kwa NVMe, tazama joto. Nyingi hupunguza kasi zinapokaribia nyuzi 70 hadi 80, na laptopu iliyojaa vumbi kwenye feni hufika huko upesi. Safisha feni, na ikiwa nafasi inaruhusu weka bamba la kupoza. Kama inaganda baada ya kompyuta kulala, zima uokoaji wa umeme wa PCI Express kwenye mipangilio ya umeme ya Windows.

Programu ya ndani ya diski pia huwa na kasoro. Samsung 980 Pro zenye toleo 3B2QGXA7 zilijulikana mwaka 2023 kwa kujifunga zikawa za kusoma tu, na sasisho likatolewa. Sasisho la namna hiyo halifufui diski iliyokwisha kujifunga. Fanya sasisho baada ya kuhifadhi faili, si kabla.

Kukatika kwa stima kwa ghafla nako kunaweza kuharibu data iliyokuwa ikiandikwa. Kompyuta ya mezani yenye SSD iwe kwenye UPS, na usitumie kebo za kugawa umeme zenye kichwa kilichomwagiwa plastiki kizima, kwani baadhi yake zimewahi kuungua.

Faili zikipotea kwenye SSD, zima kompyuta mara moja. TRIM huziondoa kabisa data zilizofutwa, na programu za kurejesha faili hazina cha kurejesha baada ya hapo.

Ukubwa haulingani

SSD ya GB 256 huonekana kama GB 238, na ya TB 1 kama GB 931. Windows huhesabu kwa 1,024 na mtengenezaji kwa 1,000. Hakuna aliyekuibia. Ikiwa nakala inatoka diski ndogo kwenda kubwa, nafasi iliyobaki husubiri upande wa kulia kwenye diskmgmt.msc ipanuliwe.

Kinachostahili hofu ni diski ya nje ya TB 16 inayouzwa kwa bei ya flashi. Ndani yake mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa ukubwa. Faili za mwanzo huingia, za baadaye huandikwa hewani. Jaribu kwa H2testw, ambayo hujaza diski nzima na kuisoma tena, kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha. Kwa SSD ya ndani iliyouzwa kama mpya, tazama saa ilizotumika kwenye CrystalDiskInfo: mamia ya saa si za diski mpya.

Ukimpelekea fundi

Mweleze ujumbe ulioonekana kwenye skrini kama ulivyo, au umwonyeshe picha yake, na umwambie hali ya BIOS ilivyokuwa kabla hujaibadilisha. Piga picha nambari ya mfululizo ya SSD, ya RAM na ya betri mbele yake, kisha iandikwe kwenye risiti. Diski ya zamani usiiache dukani isipokuwa kazi yenyewe ni kuokoa data iliyomo. Na kama kompyuta ni ya ofisi yenye taarifa za wateja, mwenye kampuni aulizwe kwanza, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamfanya awajibike kwa taarifa hizo hata zikiwa mikononi mwa fundi.